Baridi ya Kwenda Msimbati

Somoe Chitanda hakuwa na gari, na hata leseni ya kuendesha hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni banda la mabati kando ya barabara pale Likombe, na nje ya banda hilo mafriji yaliyoegemezwa ukutani, mengine milango imefungwa kwa kamba, yakisubiri zamu. Sisi majirani tulimwita Somoe wa Mafriji, naye aliitika. Friji la duka la soda likizima, aliitwa Somoe. Friza la muuza samaki likianza kutoa harufu, aliitwa Somoe hata kama kijiko kiko mdomoni.

Kwao ni Kilambo, kule kwenye kivuko cha Mto Ruvuma. Mama yake alinunua samaki wa mtoni na kuwauza, na maisha yake yote mama huyo alikuwa akishindana na jua. Samaki aliyefika adhuhuri bila mnunuzi alibanikwa au alitupwa. Somoe alikuwa bado mtoto siku mchuuzi mmoja alipofika kivukoni na pande la barafu lililofunikwa kwa magunia na pumba za mbao. Somoe alibandika kiganja juu ya pande hilo, akakiacha pale mpaka kikafa ganzi.

"Mama, baridi hii inatoka wapi?"

"Inatoka Mtwara mjini," mama alimjibu, maana naye hakujua zaidi ya hapo.

Basi alipokuwa msichana mkubwa aliifuata hukohuko mjini. Alianza kwa kufagia kwenye kiwanda kidogo cha barafu, akaishia kushika spana. Aliyemfundisha ni fundi mmoja Mhaya aliyeitwa Erasto, mtu wa maneno machache. Siku moja, Somoe akiwa amekaa chini amekata tamaa mbele ya friza lililomgomea, Erasto alimwambia: "Wewe unaitafuta baridi. Baridi haitafutwi. Sisi kazi yetu ni kulibeba joto na kulitupa nje. Chombo kikikushinda, uliza joto linaingilia wapi." Maneno hayo Somoe aliyashika kuliko cheti chochote. Alifiwa na mume, akamsomesha mwanawe Fadhili mpaka chuo kwa kazi hiyohiyo ya kulitupa joto nje ya masanduku ya watu.

Magari hakuyagusa. Magari yalikuwa na wenyewe, vijana wa gereji za mjini, na wala yeye hakuwaonea wivu. Hivyo alishangaa asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mzee Ismaili alipoingia bandani kwake, akavua kofia, akakaa juu ya kreti la soda bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida. Usiniambie kwanza kwamba haiwezekani. Nisikilize mpaka mwisho."

Mzee Ismaili alikuwa mstaafu wa bandari, na mtaa mzima tulimjua kwa vitu viwili: gari lake na mpwa wake.

Mpwa ni Sharifa. Binti huyu alizaliwa bila tezi za jasho. Wewe na mimi jua likituwakia tunalowa, na jasho hilo ndilo linalotupoza. Sharifa ngozi yake hukaa kavu kama karatasi, na joto lote hubaki ndani. Akiwa mchanga alipata degedege mara kadhaa kabla daktari mmoja hajagundua sababu. Tangu hapo alilelewa kivulini, khanga mbichi mabegani, ndoo ya maji karibu. Alijifunza cherehani ndani ya chumba chenye feni, akawa mshonaji wa sare za shule anayesifika mji mzima. Safari zake zote alizifanya baada ya jua kuzama. Mikindani aliijua kwa taa zake. Uwanja wa ndege aliujua kwa taa zake. Mwenyewe alizoea kusema kwa kicheko, "Mimi na bundi tunajuana kwa majina."

Na gari ni lile jeusi, refu, la Kijerumani, ambalo zamani lilikuwa la tajiri mmoja wa korosho. Lilikuwa na viti vya ngozi, mbao zinazong'aa kwenye dashibodi, na kiyoyozi kinachojiendesha chenyewe: unachagua kiasi cha baridi unachotaka, upande wa kulia na upande wa kushoto kila mmoja na chake, gari linamaliza mengine. Tajiri alipohamia Dar, mzee Ismaili alilinunua likiwa limekwishazeeka. Watu walimcheka, mstaafu na gari la kifahari. Hawakujua kwamba alinunua baridi. Kwa msimu mmoja alimpeleka Sharifa sokoni mchana, binti akaona rundo la maembe juani kwa macho yake. Kisha kiyoyozi kikaanza kutoa hewa ya moto. Gari likaegeshwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, na Sharifa akarudi kwenye saa zake za bundi.

"Sasa anaolewa," mzee alisema. "Mwalimu Omari, wa shule ya msingi kule Msimbati. Alikuja kuchukua sare za wanafunzi, akarudi kuzichukua tena wakati zilikwishaisha. Kijana mzuri. Amejenga nyumba ya mawe, kuta nene, ameezeka makuti juu ya mabati, kisima kiko uani. Amefikiria kila kitu isipokuwa njia."

"Si apelekwe usiku, kama kawaida?"

Mzee alikuna goti. "Ndivyo ukoo ulivyosema. Yeye amekataa. Anasema bibi harusi haingii kwa mumewe kama mwizi. Anataka aione njia ya Msimbati mchana. Hajawahi kuiona."

"Na gari la kukodi? Yapo mazuri siku hizi."

"Nilikodi mwaka juzi, tulipokuwa na msiba. Dereva akazima kiyoyozi njiani kuokoa mafuta, hakuniambia. Nilipogeuka nyuma mtoto macho yamepinduka. Nikaapa. Uhai wa mpwa wangu hautakuwa tena kwenye kidole cha mtu nisiyemjua. Mimi ndiye mjomba. Mwali nampeleka mimi, kwa gari langu."

Kwetu huku neno hilo halina mjadala. Baba ni baba, lakini mjomba ndiye mwenye mpwa.

Somoe alifuta mikono. "Mzee, gari si friji."

"Vijana wa gereji wamejaza gesi. Wamebadilisha kompresa. Wamefanya kazi yao vizuri, gesi haivuji. Lakini hewa bado ya moto. Ndipo nikafikiri: kama gari ni zima na baridi haipo, huenda shida si ya gari, ni ya baridi. Na mwenye baridi hapa mtaani ni wewe."

Siwezi kusema Somoe alikubali kwa sababu alijiamini. Alikubali kwa sababu, alipofuatana na mzee kwenda kulitazama gari, alimwona Sharifa dirishani.

Siku hiyohiyo gari liliwashwa pale chini ya mkorosho. Somoe alifungua boneti, akafuata bomba la gesi kwa vidole kama anavyofanya kwenye friza. Bomba linaloingia ndani ya gari lilikuwa baridi mpaka limetoa umande. Alishtuka. Akaingia ndani, akaweka mkono kwenye tundu la hewa. Moto, kama mvuke wa sufuria.

Alitoka, akashika tena bomba. Baridi. Akaingia. Moto. Mzee Ismaili alimwona akirudiarudia hivyo akadhani amechanganyikiwa.

"Mzee," Somoe alisema hatimaye, "baridi yako ipo. Haijawahi kuondoka. Kuna joto linaingia juu yake."

Joto hilo linatoka wapi, hapo ndipo alipohitaji msaada, na hakuona aibu kuuomba. Nyumba ya pili kutoka kwake alipanga Kelvin, kijana kutoka Mbeya, fundi umeme wa mitambo ya gesi, ambaye mkewe Doris anafundisha sekondari. Kelvin alikuja Jumamosi na kompyuta yake na mchoro wa nyaya za gari hilo alioupata mtandaoni. Mchoro wenyewe ulikuwa kama sahani ya tambi.

"Dada Somoe, mimi nasoma nyaya," alisema, "lakini sijui chombo hiki kinataka nini. Wewe niambie kinavyofikiri, mimi nitakuonyesha umeme unakopita."

Wakakaa juu ya mkeka, mchoro katikati, na polepole gari likaanza kueleweka. Ndani yake kulikuwa na baridi ya gesi, na kulikuwa pia na hita, inayotumia maji ya moto ya injini. Maji hayo yalizuiwa na valvu mbili ndogo, moja ya kulia na moja ya kushoto. Valvu ikipata umeme, inafunga. Ikikosa umeme, inakaa wazi.

"Inakaa wazi?" Somoe aliuliza. "Yaani likiharibika, linachagua joto?"

Kelvin alicheka. "Limetengenezwa kwa watu wa theluji, dada. Kwao gari likikosa joto ndipo mtu anakufa."

"Hapa kwetu ni kinyume," Somoe alisema, wala hakucheka.

Alizitoa nyaya za valvu, akazipa umeme wa betri moja kwa moja. Zote mbili ziligonga, tik, tik. Nzima. Basi umeme haukuwa ukifika. Na umeme haukufika kwa sababu kompyuta ndogo ya kiyoyozi haikuuagiza. Wakaitazama ile kompyuta wakishuku imekufa, na mzee Ismaili akaanza kuvuta ndevu, maana kifaa kama hicho kukipata ni kazi.

"Ngojeni," Somoe alisema. "Friji huwa halijui lenyewe kama ni joto au baridi. Linaambiwa na sensa. Hili linaambiwa na nani?"

Kelvin akafuata mstari kwenye mchoro kwa kidole. Nyuma ya kijidirisha kidogo cha plastiki kwenye dashibodi kulikuwa na sensa ndogo kama punje ya choroko, inayoonja hewa ya ndani. Kelvin aliunganisha kompyuta yake na ile ya gari kusoma inachoambiwa. Alipoona namba alipiga paja.

"Inasema ndani ya gari ni nyuzi arobaini chini ya sifuri!"

Mzee Ismaili aliyekuwa akitokwa na jasho mpaka kwenye kope hakuelewa kwa nini watu wazima wawili wanacheka hivyo. Somoe alimweleza: "Mzee, gari lako halijaharibika. Limedanganywa. Linaamini Likombe kumeanguka barafu, kwa hiyo linakuonea huruma, linakuletea moto."

Sensa yenyewe aliipima kwa njia yake. Aliitumbukiza kwenye kikombe cha barafu, Kelvin akaangalia mita. Kisha akaishika kiganjani, mita ikasogea kama inavyotakiwa. Sensa ni nzima, basi waya umekatika. Waliufuata kuanzia kwenye dashibodi kwenda chini, wakainua zulia la upande wa kushoto, na harufu ya uvundo ikawapokea. Majani ya mkorosho yalikuwa yameziba njia ya maji chini ya kioo cha mbele, mvua ikaingia ndani taratibu kwa muda mrefu, na soketi ya waya ilikuwa imeoza kwa kutu ya kijani. Somoe aliigusa, ikavunjika mikononi mwake kama kaukau.

Walizibua njia ya maji. Wakakata nyaya zilizooza, wakaunga mpya, Somoe akichomelea kwa mkono uleule unaochomelea mabomba membamba ya friji, Kelvin akimshikia taa chini ya dashibodi. Walipowasha, hewa ilitoka ya moto kwa muda, ikawa vuguvugu, kisha ikaja baridi, baridi ya kweli, yenye harufu ya ngozi ya viti. Mzee Ismaili aliingia, akafunga mlango, akakaa mle peke yake. Walimwona kwa kioo akiwa amefumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa anasoma dua.

Laiti mambo yangeishia hapo. Sharifa alitaka kulijaribu kabla ya harusi, tena juani, na kwenye kiti atakachokaa siku yenyewe, nyuma upande wa kushoto. Somoe alikaa naye na ndoo ya barafu miguuni. Walipokuwa mtaani kila kitu kilikuwa shwari. Walipotoka nje ya mji, mzee akaongeza mwendo, hewa ya upande wa Sharifa ikaanza kubadilika. Ikawa vuguvugu. Ikawa ya moto. Somoe alimfunika kwa khanga iliyochovywa kwenye maji ya barafu na kupiga kelele, "Geuza, mzee! Geuza!"

Walirudi Likombe kwa kasi. Sharifa alishuka amewiva uso, wakamwagia maji uani, wanawake wakampepea. Mashangazi walikuwa wamekwishafika kwa ajili ya harusi, na maneno hayakukawia.

"Inatosha," alisema shangazi Saida, dada mkubwa wa baba yake Sharifa. "Atapelekwa usiku. Mnataka kumwozesha au kumzika?"

Somoe alikaa kando. Alijiona amemletea mtoto wa watu kifo mpaka kwenye kiti chake. Alikuwa tayari kusema amesalimu amri, kwamba yeye arudi kwa mafriji yake. Ndipo Sharifa, maji yakimchuruzika usoni, akamwita.

"Dada Somoe. Upande wa mjomba ulikuwa na baridi?"

Mzee Ismaili akajibu badala yake. "Mimi nilikuwa sina shida kabisa. Sikujua kama nyuma kunaungua."

"Basi nusu ya gari imepona," Sharifa alisema. "Jana ilikuwa imeugua yote." Akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, nimekusikia, na najua unanipenda. Lakini maisha yangu yote mmenificha jua kama linanidai. Nikifika Msimbati usiku, nitaishi Msimbati nikiwa mtu wa usiku. Mwacheni fundi amalize."

Alipotaja neno fundi, Somoe alisimama. Baadaye alinisimulia kwamba katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwita hivyo kwa sauti mbele ya watu, tena kuhusu gari. "Nilihisi kama ameniwekea spana mkononi," alisema.

Kulia baridi, kushoto moto. Umeme unafika kote, Kelvin alihakikisha. Basi joto linaingilia wapi? Somoe alirudi kwenye valvu. Mara ya kwanza alizisikia zikigonga akaziamini, sasa alizifungua. Ya kulia ilikuwa safi kiasi. Ya kushoto ilikuwa na ukoko mweupe, mgumu, kama ule unaoganda ndani ya birika linalochemsha maji ya kisima. Mtu fulani, miaka iliyopita, alikuwa akijaza rejeta kwa maji ya kisima badala ya dawa yake ya kupozea injini. Valvu iligonga, lakini haikufunga sawasawa. Gari likisimama, maji yalipita kidogo tu. Likikimbia, injini ikayasukuma kwa nguvu, yakapenya.

Dawa ya ukoko wa birika kila mwanamke wa pwani anaijua. Alimwomba shangazi Saida ndimu.

"Ndimu za pilau?" shangazi aliuliza kwa ukali.

"Za pilau, shangazi. Nitakurudishia kesho."

Saida alimtazama, akaingia jikoni, akatoka na beseni zima. Na hakuondoka. Alikaa kwenye kibao akazikata na kuzikamua mwenyewe, akinung'unika muda wote kwamba hajawahi kuona gari linalokula achari. Valvu ikalazwa ndani ya maji ya ndimu, ukoko ukaanza kutoa vipovu na kumeguka vipande vipande. Somoe aliusugua kwa mswaki mpaka shaba ikang'aa. Mpira wa kuzibia ulikuwa umechakaa. Akatafuta kwenye makopo yake mpaka akapata uliolingana. Wakasafisha rejeta na hita, maji ya kutu yakatoka, na safari hii wakajaza dawa inayostahili.

Wakalijaribu tena siku iliyofuata, jua kali, bila Sharifa. Somoe mwenyewe alikaa kwenye kiti cha kushoto, na mzee akaendesha mpaka karibu na Ziwani kwa mwendo wote aliouthubutu. Waliporudi, wanawake walikuwa wamesimama uani wakingoja. Somoe alishuka amejikunyata, amejifunga khanga kifuani, meno yakigongana. Akanyoosha mikono yake kwa shangazi Saida aishike. Saida aliishika, akaruka nyuma.

"Mikono ya maiti!" alipiga ukelele, kisha akapiga kigelegele ambacho nilikisikia mimi nikiwa nyumbani kwangu.

Ndoa ilifungwa Ijumaa asubuhi pale Likombe. Mwalimu Omari na jamaa zake walitangulia kwenda Msimbati kumpokea mkewe. Baada ya sala ya Ijumaa, jua likiwa katikati ya kichwa, wakati ambao mbuzi wenyewe hutafuta kivuli cha ukuta, Sharifa alitoka nje amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Uani kila mtu alikuwa analowa jasho. Yeye alipita katikati yetu mkavu, akaingia kwenye gari lililokwishapozwa, mlango ukafungwa kwa ule mlio mzito wa magari ya zamani.

Mzee Ismaili alishika usukani. Shangazi Saida mbele, Somoe nyuma pamoja na bibi harusi. Barafu ilikuwepo, khanga mbichi zilikuwepo, hakuna aliyezigusa.

Walipita Ziwani. Sharifa alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, anataja kila kitu kama mtoto anayejifunza kusoma. Mikorosho, safu kwa safu, na watu chini yake wakiokota. Mihogo. Wanawake waliobeba kuni, vivuli vyao vidogo chini ya miguu. "Kumbe udongo wa huku ni mwekundu," alisema. "Usiku unaonekana mweusi tu." Pale Madimba alitaka kujua mitambo ya gesi ni ipi, na Somoe akamwonyesha, akamwambia huko ndiko Kelvin anakofanya kazi. Baada ya hapo minazi ikaanza kuinama barabarani, mchanga ukawa mweupe, na gari likapunguza mwendo.

Kisha mzee Ismaili akakohoa.

"Fundi."

Somoe alinyakua khanga mbichi. "Naam, mzee! Kuna nini?"

"Hakuna kitufe cha kupunguza? Magoti yananiuma kwa baridi."

Shangazi Saida, aliyekuwa amejifunika mtandio mpaka puani, alisema, "Nilikuwa naona aibu kusema." Na wote wanne wakaangua kicheko, Sharifa akicheka mpaka wanja ukamchafua. "Usiguse, mjomba!" alisema. "Mkitaka joto, shukeni mtembee!"

Kwenye kona moja mikoko iliachia nafasi, na bahari ikatokea yote kwa mara moja, ya bluu na ya kijani, inang'aa mpaka inaumiza macho. Mzee alisimamisha gari bila kuambiwa. Sharifa hakulia. Aliiangalia tu bahari, kisha akamshika Somoe mkono, akaubana.

Msimbati walikuwa wamesikia mngurumo wa gari. Ngoma zililia tangu mwanzo wa kijiji, vijana wakakimbia mbele ya boneti, wanawake wakapanga mistari miwili mpaka mlangoni kwa mwalimu Omari. Omari alifungua mlango wa gari, na baridi yote ya ndani ikammwagikia miguuni. Watoto waliokuwa karibu waliihisi wakapiga mayowe, wakasukumana waingize mikono.

"Umefika mchana," alisema, kana kwamba hakuwa ameamini.

"Nimefika mchana," Sharifa alimjibu. "Na nimeona kila kitu."

Akapitishwa kwenye kivuli cha baraza, kisha ndani, kwenye kuta nene zilizokuwa zikimsubiri. Huku nje mwanamke mmoja mzee wa Msimbati alimuuliza Saida ni nani aliyeliponya gari hilo, maana habari zilikuwa zimetangulia. Saida, yuleyule aliyetaka kila kitu kifanyike usiku, alimshika Somoe kiunoni, akamsukuma katikati ya duara la ngoma.

"Huyu hapa! Fundi wetu! Mnaona mwanamke huyu? Amelitia gari baridi mpaka nimetamani blanketi saa nane mchana!"

Somoe si mchezaji. Lakini wanawake walikuwa wamezunguka, ngoma imepamba moto, na mzee Ismaili alikuwa anapiga honi ya lile gari jeusi kwa kufuata mapigo. Basi Somoe alijifunga khanga kiunoni, akainua mikono juu, akacheza. Alicheza kwenye jua lile kali la Msimbati, jasho likimtiririka usoni na mgongoni, anacheka kwa sauti, na hakutafuta kivuli mpaka ngoma ilipochoka kabla yake.